Mpishi wa Nyumba na Kazi Isiyoonekana Mezani

Mgeni akialikwa chakula katika nyumba ya watu na akashiba vizuri, humshukuru mwenye nyumba. Husema, "Mama, leo umetulisha." Naye mama hupokea shukrani hizo kwa haki, maana nyumba ni yake na gharama ni yake. Lakini katika nyumba zinazoajiri mpishi, yupo mtu mwingine ambaye jina lake halikutajwa mezani. Wageni wanaponawa mikono, yeye yuko jikoni akifunika masazo na kumwaga majivu. Juma hili ukurasa wa nyumbani unamtazama mtu huyo: siku yake huendaje, hubeba dhamana gani, naye anadai nini kwa watu anaowalisha.

Wandegeya, jijini Kampala, ni mahali pafaapo sana kujifunza jambo hili. Mtaa huo umekaa chini ya kilima cha Makerere, penye chuo kilichoanzishwa mwaka 1922, na ng'ambo yake iko hospitali kuu ya Mulago. Jina lake lahusishwa na ndegeya, yule ndege mdogo asukaye kiota chake kwa majani. Kituo cha polisi kiko hapo, na barabara ya Bombo yapita hapo hapo. Wanafunzi, wauguzi, askari na makarani hukutana njia panda kila jioni wakitafuta chakula.

Wapishi wa kando ya barabara wa Wandegeya wamejulikana mbali kwa chapati inayokunjwa pamoja na mayai, ambayo Uganda nzima huiita rolex. Mpishi wa rolex hufanya kazi mbele ya macho ya mnunuzi. Yai huvunjwa ukiliona, kabichi na nyanya hukatwa ukiziona, na kikaango hukaa baina yako na yeye. Usipoupenda usafi wake, wavuka barabara kwenda kwa mwingine. Mpishi wa nyumba hana mtazamaji. Anayelishwa hukaa sebuleni, ukuta ukiwa katikati, naye hula kwa kuamini tu. Hapo ndipo penye uzito wa kazi hii, na mambo mengine yote ya siku yake yatoka hapo.

JIKONI KABLA YA JUA

Siku ya mpishi wa nyumba huanza yapata saa kumi na moja alfajiri. Kwanza huwasha sigiri. Hata nyumba yenye jiko la gesi au la umeme aghalabu huwa na sigiri ya makaa, kwa kuwa matoke na maharage hutaka moto wa polepole wa muda mrefu, na umeme nao una siku zake za kukatika.

Kwa mpishi ajuaye kazi, kitu cha kwanza kutelekwa ni maji ya kunywa, chai hufuata. Mwaka 2015 homa ya matumbo ilienea Kampala, watu maelfu wakaugua, na uchunguzi ukaonyesha kwamba maji na vinywaji vilivyochafuliwa vilikuwa na sehemu kubwa katika kuueneza ugonjwa. Basi maji hayo huachwa yachemke sawasawa, yakapoa yakiwa yamefunikwa, kisha hutiwa katika chombo chenye mdomo mwembamba au bomba, ili mtu asitumbukize kikombe na vidole vyake. Mtoto wa nyumba hiyo akipita mwaka mzima bila kuharisha, hakuna atakayemsifu mpishi, maana ugonjwa ambao haukutokea hauonekani.

Baadaye huja chai ya maziwa, na pengine katogo, yaani matoke yaliyopikwa chungu kimoja na maharage au matumbo. Wenye nyumba wakisha kula na kwenda kazini, mpishi huketi na mama mwenye nyumba, au na daftari peke yake, kupanga chakula cha siku na fedha za soko. Wengi wasioijua kazi hii hudhani kwamba upishi ni mwiko na sufuria. Kumbe nusu yake ni hesabu: sukari iliyobaki itafika siku gani, nyama ya jana yatosha watu wangapi, na kipi kitumike leo kabla hakijaharibika. Mpishi mwenye busara haachi shilingi moja bila maelezo. Hufanya hivyo kwa kujilinda zaidi kuliko kwa kuogopa, kwani siku kitu kitakapopotea, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

SOKONI WANDEGEYA

Soko la Wandegeya ni jengo la ghorofa lililojengwa upya katika miaka ya 2010 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mpishi huenda asubuhi, wakati bidhaa bado hazijachambuliwa na wengine. Humo ujuzi wake huanza kuonekana, ingawa mwajiri hayupo kuuona.

Mkungu wa matoke hutazamwa kwenye kikonyo: ukikatwa ukatoa utomvu mwingi, ni mbichi, ukikauka na ndizi zikaanza kulegea, zitaiva kabla ya kumenywa na mlo wa siku mbili utaharibika. Samaki aina ya ngege hutazamwa macho na matamvua. Macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi mahali pake. Nyanya huchaguliwa za namna mbili, zilizoiva za leo na ngumu kidogo za kesho kutwa.

Lakini penye hatari kubwa zaidi ni kwenye karanga. Mchuzi wa karanga ni rafiki wa matoke karibu kila siku. Karanga zilizohifadhiwa penye unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hudhuru ini na haiondolewi na moto wa kawaida wa jikoni. Ukinunua karanga zilizokwisha kusagwa hujui ndani mlikuwa na nini, kwa kuwa unga huficha kila kitu. Mpishi mwangalifu hununua karanga nzima, huzichambua katika ungo, hutupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kisha husimama mbele ya mashine zinaposagwa. Humpotezea muda mwingi, na mlaji hawezi kuona tofauti katika ladha ya siku hiyo. Tofauti huonekana katika afya ya miaka mingi.

JANI LISILOPASUKA

Siku ya wageni, kazi hubadilika sura. Chakula cha heshima katika Buganda ni luwombo, yaani kuku, nyama au karanga zilizofungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Husimuliwa kwamba chakula hiki kilibuniwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga. Katika jumba la Kabaka mkuu wa jiko aliitwa Kauta, na cheo hicho kilikuwa cha heshima. Jambo hili lafaa kukumbukwa na wale wadhanio kwamba kupikia wengine ni kazi ya wasio na thamani. Mpishi wa mtu mmoja ndiye aliyeipa nchi nzima chakula chake cha sikukuu.

Luwombo humtaka mpishi aanze mapema. Jani changa, pana na zima hupitishwa juu ya moto hadi lilegee na kung'aa. Uti wake wa katikati hupunguzwa kwa kisu ili likunjike bila kuvunjika. Nyama huchomwa kidogo kwanza ipate harufu ya moshi. Ndipo huwekwa katika jani pamoja na vitunguu, nyanya na mchuzi, kingo zikakusanywa juu na kufungwa kwa ukambaa wa mgomba. Chini ya chungu hupangwa vikonyo vya migomba, maji yakatiwa kidogo, na vifurushi vikakaa juu ya vikonyo hivyo bila kuguswa na maji. Hufunikwa kwa majani mengine, moto ukawa wa wastani, na saa kadhaa zikapita. Jani likipasuka, mchuzi wote humwagika, wala hakuna namna ya kulishona. Kwa hiyo mpishi hutengeneza kifurushi kimoja au viwili zaidi ya idadi ya wageni.

Kila mgeni huletewa kifurushi chake kikiwa kimefungwa. Heshima yake ni hiyo, kwamba hakuna aliyekionja wala kukigusa kabla yake. Lakini heshima hiyo ndiyo inayomweka mpishi katika mtihani, kwani hawezi kurekebisha chumvi dakika ya mwisho. Yaliyofungwa yamefungwa.

Tena kuna jambo ambalo kitabu cha mapishi hakilisemi. Baganda wana koo zenye miziro, na mtu hali mzio wa ukoo wake. Wa ukoo wa Butiko hali uyoga. Wa ukoo wa Nsenene hali panzi wale wa msimu, hata kama meza nzima yawafurahia. Wa ukoo wa Mmamba hamli samaki wa jina hilo. Pamoja na hao, yuko mgeni Mwislamu ambaye lazima ajue nyama ilichinjwa na nani, na yuko Msabato asiyekula nguruwe. Yuko mzee mwenye ugonjwa wa sukari, na bibi aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi. Mpishi mzuri huuliza mapema, tena kwa siri, ili mgeni asiaibike mezani kwa kusukuma sahani. Mezani hakuna atakayejua kwamba luwombo ya uyoga ilipita kando ya mtu fulani kwa makusudi.

CHUNGU CHA MTOTO

Nyumba yenye watoto wadogo humpa mpishi kazi ya pili ndani ya kazi ya kwanza. Chakula cha mtu mzima si chakula cha mtoto aliyeanza kuachishwa ziwa. Matoke peke yake hujaza tumbo lakini hayajengi mwili. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Mulago, wakiona watoto wengi wenye utapiamlo, walianzisha kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, karibu kabisa na Wandegeya. Humo akina mama walifundishwa kupika kitobero, yaani mchanganyiko wa chakula cha nguvu kama ndizi au viazi, pamoja na maharage au karanga zilizopondwa, samaki, nyama au maziwa, na mboga za majani, vyote vikapikwa pamoja kwa mvuke.

Mpishi ajuaye kitobero hukipika mapema jioni, kabla ya chakula cha wakubwa, ili mtoto asilale na njaa kwa kungoja wageni. Hutumia sufuria yake na kijiko chake. Wala hauchukui mchuzi wa wakubwa wenye chumvi na pilipili akauzimua kwa maji, kama wafanyavyo wavivu.

USIKU

Wakati nyumba imeshiba, mpishi bado ana saa nzima au zaidi. Masazo hutengwa, yatakayoliwa kesho hupozwa upesi na kuwekwa mahali pa baridi, na yatakayoliwa tena lazima yachemke hadi katikati, si kupashwa juu juu. Visu hunolewa, na ubao wa kukatia nyama huoshwa mbali na ule wa mboga. Maharage huchambuliwa na kulowekwa. Makaa huzimwa na sigiri hutolewa nje, kwa kuwa moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini bila harufu ya kuwaamsha. Mlango wa stoo hufungwa, ufunguo ukarudi kwa mwenyewe. Ndipo mpishi anapokula, aghalabu akiwa amesimama, chakula kikiwa kimekwisha kupoa.

Askari aliyekaa kambini atatambua tofauti. Mpishi wa kambi huwapikia wengi kwa kipimo kilichoandikwa, posho kiasi kadha kwa watu kadha, na ana wenzake wa zamu. Mpishi wa nyumba huwapikia wachache wenye midomo mingi, hana zamu, na kipimo chake ni hali ya mwenye nyumba siku hiyo.

DHAMANA YA MPISHI WA IKULU

Ni nini hutokea imani ile ikitikisika? Uganda ina mfano wake. Otonde Odera, Mjaluo kutoka Kenya aliyejifunza upishi katika nyumba za Waingereza, alimpikia Rais Milton Obote. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa mkutanoni Singapore, Jenerali Idi Amin alitwaa serikali. Mawaziri walitoweka na walinzi walibadilishwa, lakini mpishi alibaki jikoni na bwana mpya akamweka kazini. Miaka mingi baadaye alimsimulia maisha yake mwandishi wa Polandi, Witold Szabłowski, ambaye mwaka 2019 alichapisha kitabu juu ya wapishi wa watawala.

Katika masimulizi hayo limo tukio moja ambalo kila mpishi angelielewa bila kufafanuliwa. Mtoto mmoja wa rais alikula wali kupita kiasi, akashikwa na maumivu makali ya tumbo. Ikasemwa sumu, na rais akatoa vitisho vya kuua. Odera alimkimbiza mtoto kwa daktari, naye daktari akaona kwamba mtoto amevimbiwa tu. Maisha ya mtu yalikuwa yamening'inia kwenye tumbo la mtoto mlafi. Hatimaye, asimulia, alitiwa ndani na kisha akarudishwa Kenya mikono mitupu.

Mpishi huyo huyo aliulizwa juu ya uvumi uliozagaa duniani kwamba Amin alikula nyama ya watu. Alikana kabisa kupika wala kuona kitu cha namna hiyo jikoni mwake. Hakuwa na sababu ya kumpamba mtu aliyemfunga, lakini alisema alilolijua na akaacha asilolijua. Adabu ya kazi ni hiyo. Mpishi husikia mengi nyuma ya mlango, na huona nani hali na nani, nani analia, nani amerudi amelewa. Wa kweli hatangazi sokoni, wala hatungi ya uongo.

HAKI NA WAJIBU

Nyumba za kawaida hazina vitisho vya Ikulu, ila zina ndugu zake wadogo. Sukari ikipungua ni mpishi. Mtoto akitapika ni mpishi. Mshahara wake hucheleweshwa kwa kuwa "anakula hapa hapa". Yafaa wenye nyumba wajue kwamba sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humhesabu mpishi wa nyumba kuwa mwajiriwa kamili. Ana haki ya kupewa masharti ya kazi kwa maandishi, kupumzika saa 24 mfululizo kila juma, kupata likizo ya mwaka yenye malipo, na kupewa notisi kabla ya kuachishwa.

Kuhusu mshahara, kiwango cha chini kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambazo leo hazinunui hata kilo moja ya nyama ya ng'ombe. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kiwango kipya, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo kinga ya mpishi katika jambo hili ni mapatano yake na mwajiri, na mapatano ya mdomo husahaulika upesi.

Kwa upande wa uzeeni, hali imekuwa bora. Zamani mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 5 hakulazimika kuchangia Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, na hivyo karibu wapishi wote wa nyumba waliachwa nje. Sheria ilibadilishwa mwaka 2022. Sasa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, yampasa kuchangia asilimia 10 ya mshahara, na mfanyakazi asilimia 5. Mtumishi wa serikali aliyeajiri mpishi, naye mwenyewe akingojea pensheni yake, hana udhuru wa kutolijua jambo hilo.

Mpishi naye ana wajibu. Kucha ziwe fupi, na nywele zifunikwe. Akiwa na homa au tumbo la kuhara, aseme wala asipike, na mwenye nyumba asimkate mshahara kwa kusema kweli, la sivyo kesho atanyamaza na nyumba nzima itaugua. Hesabu ziandikwe kila jioni na kutiwa sahihi na wote wawili. Kitu kikipotea, daftari lifunguliwe kabla ya mdomo kufunguliwa.

Familia inayotaka kuajiri mpishi, au iliyo naye tayari bila maandishi, yaweza kuanza kwa karatasi moja tu. Iandikwe kiasi cha mshahara na tarehe ya kulipwa, saa za kazi, siku ya mapumziko, na atakayetunza ufunguo wa stoo. Isomwe kwa lugha anayoielewa mpishi, kila upande ukabaki na nakala yake. Kazi hiyo haichukui muda mrefu kuliko kumenya matoke ya mlo mmoja.